Theluji Ilimfungia Mama Ndani, Tangazo la Mtaa Likamtoa

Ukimuuliza Mkenya yeyote anayeishi kaskazini mwa Marekani ni jambo gani lililomtesa zaidi alipofika, atakujibu bila kusita kwamba ni baridi. Nami sitampinga. Nimeishi katika mji wa Minneapolis, jimbo la Minnesota, tangu 2017, na mnamo Januari 30, 2019 nilishuhudia kipimajoto kikiteremka hadi nyuzi 33 chini ya sufuri. Siku hiyo hata kope za macho zilishikana. Hata hivyo, kuishi kwingi ni kuona mengi. Nimegundua kwamba baridi huvaliwa koti zito, ikavumilika. Linalommaliza mgeni ni kukaa ndani ya nyumba miezi mitano bila kujua mtaa wake unafanya nini huko nje.

Nayasema haya kwa sababu ya mama yangu mzazi.

Mama alikuwa mwalimu wa shule ya msingi huko Nyamira kwa zaidi ya miaka thelathini. Baba alipofariki, sisi watoto tulifanya kikao tukakubaliana kwamba asiachwe peke yake bomani. Akaja kwangu Oktoba 2022, akiwa na umri wa miaka 68. Msomaji, huyu ni mtu aliyezoea kuamka alfajiri, akakague majani chai na migomba yake, kisha apitie sokoni hata kama hana la kununua, ilimradi awajulie watu hali. Jumapili ni kanisani. Siku nyingine ni matanga, au harusi, au kikao cha chama cha akina mama. Kwa ufupi, nyumba kwake ilikuwa mahali pa kulala tu.

Basi majira aliyoyakuta hayakuwa ya mzaha. Msimu wa 2022-2023 uliingia katika kumbukumbu za mji huu kuwa wa tatu kwa wingi wa theluji tangu vipimo vianze kuandikwa. Kwa jumla ilianguka karibu sentimita 230, yaani kimo kinachompita mtu mzima aliyesimama wima. Mimi ni muuguzi na nilikuwa zamu ya usiku. Mume wangu hutoka alfajiri, na watoto hupanda basi la shule kabla ya mapambazuko. Mama alibaki na dirisha.

Kufikia Desemba, mwezi ambao jua hutua saa kumi na nusu jioni, alikuwa hamalizi chakula chake. Alilala mchana, akakesha usiku. Simu zikipigwa kutoka nyumbani alijibu maneno mawili, kisha akamrudishia mtoto. Tulimpeleka kwa daktari. Akapimwa damu, moyo na mapafu, akaonekana mzima. Daktari akaniambia kwamba mama yangu anahitaji mwanga, matembezi na watu wa kuzungumza nao. Niliduwaa, kwani dawa hizo haziuzwi katika duka lolote.

Usiku ule Mama alinishika mkono, akasema, “Mwanangu, nirudishe Nyamira. Kama ni kufa, nife nikiona watu.” Sikuwa na jibu. Nilijua pia kwamba huko nyumbani hakukuwa na mtu wa kukaa naye, kwani ndugu zangu wote wametawanyika mijini kutafuta riziki.

KARATASI KUTOKA SHULENI

Mambo yalianza kubadilika Januari 2023, siku ambayo binti yangu Kemunto, wakati huo akiwa na umri wa miaka minane, alirudi kutoka shuleni na karatasi mkononi. Lilikuwa tangazo la kawaida kabisa. Liliarifu wakazi kwamba uwanja wa barafu katika bustani ya mtaa wetu uko tayari, kwamba viatu vya kutelezea vinaazimwa bure, na kwamba chumba cha kujipashia joto kitakuwa wazi saa fulani na fulani.

Hapa yafaa nieleze kidogo jinsi mji huu unavyojiendesha, kwa maana bila hilo kisa hiki hakitaeleweka. Minneapolis ina meya na baraza la madiwani 13. Lakini kando ya baraza hilo kuna chombo kingine kinachojitegemea, Bodi ya Bustani na Burudani, iliyoundwa mwaka wa 1883. Bodi hii ina makamishna tisa ambao huchaguliwa na wananchi wenyewe kila baada ya miaka minne. Sita hutoka katika wilaya za mji na watatu huwakilisha mji mzima. Ina bajeti yake na sehemu yake katika kodi ya nyumba na ardhi. Maziwa yote makubwa ya mji, njia za kandokando yake, viwanja vya michezo na majengo ya bustani ni dhamana yake.

Kwa hiyo mchezo wa mtoto wako katika mji huu ni jambo la kupigiwa kura. Mtu anayetaka ukamishna sharti awaeleze wakazi viwanja vitahudumiwa vipi na kodi yao itatumikaje.

Na uwanja wa barafu hutengenezwaje? Ardhi ikishaganda sawasawa, wafanyakazi huja na mipira ya maji wakamwagia uwanja uleule ambao watoto huuchezea kandanda wakati wa joto. Humwaga kiasi kidogo, wakaacha kigande, wakamwaga tena, safu juu ya safu, mpaka uso wa barafu uwe laini kama sahani. Ni kazi ya siku nyingi, na hufanywa katika baridi ambayo watu wengine wote wanaikimbia.

Mama alipoisoma ile karatasi alivua miwani yake. “Mtoto hatacheza juu ya maji,” akasema. “Mimi nimezika watoto wa watu walioingia mtoni.”

Nilimweleza kwamba chini ya barafu ile hakuna maji bali udongo. Ziwa ni habari nyingine, na hata wenyeji huliendea kwa hadhari. Idara ya Maliasili ya jimbo la Minnesota huwashauri watu kwamba barafu mpya iliyo safi sharti iwe na unene wa angalau inchi 4, yaani sentimita 10, kabla mtu kuikanyaga kwa miguu. Ikiwa ni ile nyeupe iliyochanganyika na theluji, unene huo uongezwe mara mbili. Na baada ya kusema yote hayo, idara hiyo huongeza kwamba hakuna barafu iliyo salama kabisa. Mama alilipenda sana neno hilo la mwisho. Alisema serikali inayokiri mpaka wa ujuzi wake inaweza kusikilizwa.

Hata hivyo hakumruhusu mtoto aende peke yake. Alisema atakwenda naye amlinde. Tukamvika koti, suruali mbili, soksi tatu na viatu vya manyoya, tukatembea barabara sita kama watu waendao kuposa, polepole na kwa adabu.

CHUMBA CHENYE HARUFU YA SOKSI

Usidhani chumba cha kujipashia joto ni mahali pa fahari. Ni chumba chenye mabenchi ya mbao ukutani, zulia la mpira sakafuni ili viatu vya vyuma visiharibu wala visiharibiwe, na harufu ya soksi zilizolowa. Watoto huingia wakitweta, hufungwa kamba za viatu, wakatoka tena mbio. Mama alikaa karibu na dirisha ili amwone Kemunto.

Pembeni yake alikuwako mwanamke Msomali wa rika lake, naye akilinda wajukuu. Mbele yao aliketi mzee mmoja Mzungu, ambaye babu zake walitoka Norway. Mzee huyo hakuwa na mjukuu pale. Mkewe alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, na alikuja kwa sababu nyumba yake ilikuwa kimya mno. Aliwaonyesha watoto wa watu wasiowajua jinsi ya kukaza kamba ili kifundo cha mguu kisiyumbe.

Mama alikuwa amebeba chupa ya chai ya maziwa. Mkisii hawezi kunywa chai peke yake mbele ya watu. Akawamiminia. Yule mwanamke akatoa sambusa. Yule mzee hakuwa na kitu, akatoa hadithi. Aliwasimulia juu ya tufani ya theluji ya mwisho wa Oktoba 1991, ambayo iliuzika mji huu chini ya sentimita 72 za theluji, na watoto waliokuwa wamejiandaa kuzunguka majirani wakiomba peremende wakavaa makoti juu ya mavazi yao ya sherehe.

Tuliporudi nyumbani, Mama alikula ugali akamaliza. Kesho yake, hata kabla Kemunto hajavua mkoba wa shule, nyanya yake alikuwa amekwisha kuvaa koti.

Sikuamini macho yangu. Wiki hazikuwa zimepita tatu na tayari alijua majina ya wafanyakazi wa bustani, saa za kufungua na kufunga, na siku ambayo uwanja husuguliwa. Aidha, alianza kuuliza mambo ambayo mimi niliyekaa mjini miaka sita sikuwa nimewahi kusikia mtu akiyauliza: kamishna wa wilaya yetu ni nani, kikao chao huwa lini, na kwa nini njia ya kando ya barabara mbele ya nyumba fulani haijaondolewa theluji.

Swali hilo la mwisho lina sheria yake. Katika mji huu, theluji ikishaacha kuanguka, mwenye nyumba ya kawaida hupewa saa 24 awe ameondoa theluji na barafu katika njia ya waendao kwa miguu mbele ya kiambo chake. Asipofanya hivyo, mji unaweza kuiondoa na kumtoza gharama. Wengi hudhani ni uonevu. Lakini jaribu kumwaza mama mzee anayetaka kuvuka barabara sita ili apate watu wa kuongea nao. Kila nyumba iliyoachwa bila kuparuzwa ni ukuta mbele yake. Tangu hapo mume wangu hachelewi na sepetu lake, maana mama mkwe husimama dirishani akihesabu saa.

NYANYA NI REDIO

Kuna tangazo moja la mji ambalo kila mgeni hulijutia kabla ya kulielewa. Theluji ikiwa nyingi, mji hutangaza hali ya dharura ya theluji ili matingatinga yapate nafasi ya kusukuma. Tangazo hutolewa kabla ya saa kumi na mbili jioni, nayo magari hupangiwa siku tatu. Siku ya kwanza, kuanzia saa tatu usiku hadi saa mbili asubuhi, hairuhusiwi kuegesha gari upande wowote wa barabara zilizotengwa kuwa njia za dharura. Siku ya pili, kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa mbili usiku, huruhusiwi kuegesha upande wenye nyumba za nambari shufwa katika barabara nyinginezo, wala katika njia za bustani. Siku ya tatu ni zamu ya upande wa nambari witiri. Gari likikutwa mahali pasipofaa hutozwa faini na kukokotwa hadi yadi ya mji.

Binamu yangu, anayefanya kazi usiku katika nyumba ya kutunzia wazee, alikuta gari lake limechukuliwa mara mbili katika mwezi mmoja. Kulikomboa kulimmalizia ujira wa siku kadhaa, fedha ambazo alikuwa amezitenga kumtumia dadake karo.

Mama aliposikia hivyo alichukua kalamu. Akachora jedwali la siku tatu kwa maandishi makubwa ya mwalimu wa darasa la tatu, akalibandika mlangoni mwa jokofu. Kisha akaanza desturi ambayo hadi leo inaendelea. Jioni yoyote theluji ikianguka, hufuatilia tangazo la mji, na likitoka hupiga simu. Humpigia binamu, humpigia mama wa Kiluhya wa ghorofa ya pili, humpigia mwanafunzi kutoka Machakos, humpigia yule Msomali. “Ni siku ya kwanza leo. Ondoa gari kwenye njia ya dharura. Kesho uache upande wa shufwa. Umesikia? Rudia nilichosema.” Naye humfanya mtu mzima mwenye ndevu arudie kama mtoto darasani.

Tangu wakati huo gari la binamu halijachukuliwa tena. Vijana wa Kikenya mtaani humwita Nyanya Redio. Yeye huikataa sifa hiyo kwa mdomo, lakini usoni huonekana kuipokea.

BARAFU ILIPOKATAA KUJA

Mwaka uliofuata ulileta jaribio jingine. Msimu wa 2023-2024 ulikuwa wenye joto kuliko yote katika kumbukumbu za Minnesota. Desemba tulitembea na sweta. Wafanyakazi wa bustani walimwaga maji, yakaganda usiku, yakayeyuka mchana. Barafu ya uwanja wetu ilidumu siku chache tu, kisha ikawa dimbwi.

Mtu angetarajia kwamba mama kutoka Nyamira angefurahi. Kinyume chake alifadhaika, na sababu yake ni hii. Barafu ilipokosekana, chumba cha kujipashia joto hakikufunguliwa. Na kisipofunguliwa, wale wazee hawakuwa na mahali pa kukutana. Yule mzee mjane alitoweka. Yule Msomali alikuwa kwake, nasi kwetu, na Mama akarudi dirishani. Nikaanza kuuona ule uso wa Desemba ya kwanza.

Safari hii, lakini, alijua pa kwenda. Katika jengo la bustani palibandikwa tangazo la mkutano wa wakazi, na Mama alilisoma akaliandika katika shajara yake. Wakazi wa hapa huruhusiwa kusimama na kutoa maoni mbele ya wahusika, kila mmoja kwa dakika chache. Si lazima uwe raia. Kura ni ya raia peke yao, na tangu 2009 wapiga kura wa mji huu huwapanga wagombea kwa mfuatano: huyu wa kwanza, huyu wa pili, huyu wa tatu. Lakini kusema, yeyote aishiye hapa husema.

Usiku wa kuamkia mkutano alifanya mazoezi mbele ya kioo. Ilipofika zamu yake, alisimama wima, akavua kofia, akazungumza Kiingereza chake cha ualimu, taratibu na kwa sauti ya kufika nyuma. Alisema hivi:

“Mimi ni mgeni wenu. Watoto wameikosa barafu, na hilo ni la Mungu. Lakini sisi wazee hatukuja pale kwa ajili ya barafu. Tulikuja kwa ajili ya chumba. Theluji haikuyeyusha kile chumba. Tunaomba ufunguo.”

Watu walicheka, kisha wakapiga makofi. Akaketi. Dakika zake hazikuwa zimekwisha.

Haikuchukua mwezi, tukaarifiwa kwamba wazee wanaweza kutumia chumba kimoja cha jengo lile asubuhi mbili kila wiki, kukiwa na barafu au kusiwe. Hakukuwa na sherehe wala utepe wa kukatwa. Palihitajika mtu mmoja wa kuwasha taa na mwingine wa kuleta chai, na huyo wa pili unamjua tayari. Siku ya kwanza walifika wanne, yule mzee mjane akiwa mmoja wao. Sasa huwa hadi kumi na tano, na meza moja ya karata ambayo huwa na kelele kuliko watoto.

MKENYA WA MWISHO

Katika msimu huohuo mkavu, Februari 17 na 18, 2024, mji wetu uliandaa mashindano ya Kombe la Dunia ya mbio za skii katika bustani ya Theodore Wirth, ambayo nayo iko chini ya Bodi ileile. Yalikuwa yamepangiwa Machi 2020 yakazuiwa na korona. Maelfu ya watu walijaa, ilhali theluji ya njia ya mashindano ilikuwa imetengenezwa kwa mitambo. Kijana wa Kimarekani, Gus Schumacher, alishinda mbio za kilomita 10 za wanaume. Jessie Diggins, binti wa jimbo hilihili, alishangiliwa hadi sauti za watu zikakauka.

Kemunto alimuuliza nyanya yake kama kuna Mwafrika aliyewahi kushindana katika mchezo ule. Hapo Mama aliketi vizuri. Akamsimulia habari za Philip Boit, mwanariadha wa Kenya aliyefundishwa skii Finland, akaingia Michezo ya Olimpiki ya majira ya baridi huko Nagano, Japani, mwaka wa 1998. Katika mbio za kilomita 10 alimaliza wa 92, wa mwisho kabisa, dakika 20 nyuma ya mshindi. Lakini mshindi huyo, Bjørn Dæhlie wa Norway, alikataa kuondoka. Alisubiri pale mwisho wa mbio mpaka Mkenya akafika, akamkumbatia. Boit baadaye alimpa mwanawe jina la Dæhlie.

“Alikuwa wa mwisho, Nyanya?” Kemunto akauliza kwa masikitiko.

“Alifika,” Mama akajibu. “Na alikuta mtu akimngoja.”

WALIOMWAGA MAJI

Mama hawasahau wale wanaomwaga maji. Julai 2024, wafanyakazi wa bustani walipogoma wakidai nyongeza ya mshahara, mgomo wa kwanza tangu Bodi iundwe, alienda na chupa zake mbili za chai hadi walipokuwa wamesimama na mabango. Nilimwambia kwamba hayo ni mambo ya watu wa hapa. Akanijibu kwamba watu waliosimama usiku kwenye baridi wakimtengenezea mjukuu wake uwanja si watu wa kando. Kabla ya mwezi kwisha walipatana na waajiri wao, na majira ya baridi yalipofika walirudi na mipira yao ya maji.

Wakenya wenzetu nao wameanza kuingia katika shughuli za huku kwa miguu yote miwili. Novemba 2024, Huldah Momanyi Hiltsley, mzaliwa wa Kenya, alichaguliwa kuingia katika bunge la jimbo la Minnesota kuwakilisha eneo la Brooklyn Park, mji jirani wenye Wakenya wengi. Habari zilipotufikia, Mama alinyamaza kidogo, kisha akasema kwamba hakuna mtu huamka siku moja akawa mbunge. Lazima alianza kwa kusoma matangazo ya ukutani.

Msomaji mpenzi, huenda una mzazi unayetaka kumleta ughaibuni, au wewe mwenyewe uko katika safari hiyo. Nunua koti, ndiyo. Lakini juma la kwanza tu, ulizia jengo la bustani la mtaa liko wapi, ofisi ya diwani iko wapi, na matangazo yao hubandikwa wapi. Mpeleke mzee huko kabla theluji haijaanguka, akiwa bado anaona njia. Usingoje mpaka aanze kulala mchana.

Na wewe uliye nyumbani, usidhani mambo haya ni ya Wazungu. Katiba yetu ya 2010 inazitaka kaunti ziwashirikishe wananchi katika shughuli zake, na vikao vya bajeti hutangazwa kila mwaka. Wangapi kati yetu huhudhuria? Wiki iliyopita Mama alimpigia simu ndugu yangu aliyeko Nyamira mjini. Hakumuuliza habari za ng'ombe wala za majani chai. Alimuuliza kama ameenda kwenye kikao cha bajeti ya kaunti kudai taa za soko. Ndugu yangu alisema alikuwa na shughuli.

“Kikao kingine ni lini?” Mama akauliza.

Hakujua. Mama akamwambia aende akasome tangazo, kisha ampigie simu kumwambia limesema nini.